Gari la Watu Wawili, Deni la Watu Saba

Ukipita jioni kwenye mitaa ya Sinza, Tabata au Mbezi, ukachungulia nyua ambazo geti limeachwa wazi, hutakosa kuliona. Limefunikwa turubai lililochanika upande mmoja, matairi yamelala au yameshang'olewa, na chini yake wamepanga matofali. Miaka ya nyuma gari lililo juu ya mawe lilikuwa Land Rover ya marehemu babu au pikapu iliyochoka kubeba mchanga. Sasa ninachokiona mara kwa mara ni kingine: Altezza namba B, Subaru Impreza yenye tundu la hewa juu ya boneti, Fairlady Z, Mazda RX-8, na mara mojamoja SLK ya Mercedes-Benz ambayo paa lake lilikwama nusu ya safari likakataa kurudi. Linaloniumiza ni kwamba mengi ya magari hayo hayakufia pale uani. Yaliletwa yakiwa yameshakufa, juu ya brekidauni au yakivutwa kwa kamba, na aliyeyaleta alilipa pesa taslimu kwa furaha.

Niseme msimamo wangu mapema. Gari la michezo lisilowaka halina bei nafuu. Pesa anayopewa muuzaji ni kiingilio tu. Zilizobaki hutoka kidogokidogo, mwezi hadi mwezi, na wanaozilipa ni watu ambao hawatakaa ndani ya gari hilo hata siku moja: mke, watoto, mama aliyeko kijijini anayesubiri pesa ya dawa, na fundi anayedai ujira wake. Ndiyo maana nasema ununuzi wa namna hii si siri ya mwanamume na dalali wake. Ni jambo la kaya nzima, na kaya nzima ina haki ya kuuliza, kupima na kukataa.

Mapenzi yenye chanzo

Sitaki mtu adhani nayadharau mapenzi yenyewe. Ukanda huu una historia ndefu na magari ya kasi. Mashindano yaliyokuja kuitwa Safari Rally yalianza mwaka 1953 na kupita Kenya, Uganda na Tanganyika, kwenye barabara zetu hizihizi za vumbi na tope. Mwaka 1997 Colin McRae aliyashinda akiwa na Subaru Impreza, na mwaka 2000 Richard Burns akaibuka mshindi kwa gari la aina hiyohiyo. Watoto waliosimama kandokando ya barabara wakirushiwa vumbi, au waliokusanyika sebuleni kwa jirani mwenye televisheni, leo ni watu wazima wenye mishahara na biashara. Rangi ile ya bluu yenye rimu za dhahabu haijawatoka moyoni. Mashindano yaliporudi kwenye ratiba ya dunia mwaka 2021 kule Naivasha, wengi walifunga safari kutoka Arusha, Moshi na hata Dar es Salaam kwenda kuyaona.

Basi kijana wa wakati ule, ambaye sasa ana miaka 40 na kitu, akikuta tangazo la Impreza kwa bei isiyopishana sana na ya bodaboda mbili, atafanyaje? Gari alilolitamani ujana wake wote liko mbele yake, rangi bado inang'aa, viti bado vinakumbatia mgongo. Kasoro ni moja tu. Haliwaki. Wahenga walijua udhaifu huu waliposema kipya kinyemi ingawa kidonda. Gari si jipya, lakini kwake ni jipya, na kidonda hakioni.

"Ni sensa tu, boss"

Kila muuzaji wa gari bovu ana sentensi yake. Ni sensa tu. Ni pampu ya mafuta tu. Ni funguo imepotea, ukiprogramu nyingine linawaka papo hapo. Fundi alishaliona, anasema kazi ya nusu siku.

Swali la kwanza ambalo mnunuzi anapaswa kuliuliza, na ambalo karibu hakuna anayeliuliza, ni hili: kama ni sensa tu, kwa nini wewe mwenye gari hukuibadilisha? Tofauti ya bei kati ya gari la michezo linalowaka na lisilowaka ni mamilioni ya shilingi. Nani mwenye akili timamu anaacha mamilioni kwa sababu ya kifaa cha laki moja au mbili? Ama ameshakibadilisha na gari halikuwaka, ama anajua tatizo liko ndani zaidi. Wapo wachache ambao kweli hawana muda, au wanahama nchi, au wanauza mali ya urithi wasiyoielewa. Lakini ni wachache, na muuzaji wa kweli wa aina hiyo hatakataa gari lake lipimwe.

Haliwaki ni neno moja lenye magonjwa mengi ndani yake. Gari lililoishiwa betri haliwaki. Gari lililokatika taiming belti nalo haliwaki, na kwenye injini za Subaru zenye turbo mkanda ukikatika wakati injini inazunguka, pistoni hugonga valvu na kuzipinda. Hapo hununui mkanda, unafungua injini yote. Gari lililozama kwenye mafuriko haliwaki, na hata likiwashwa leo, maji yaliyoingia kwenye kompyuta na viunganishi vya nyaya yataendelea kula shaba kimyakimya. Gari lililokaa miaka mitatu nalo huzaa maradhi yake: petroli inaharibika tangini na kuacha utando kwenye nozeli, mafuta ya breki yanafyonza unyevu, sili za mpira zinakakamaa, panya wanatafuna nyaya. Hapa kwetu Pwani ongeza chumvi ya hewa ya bahari inayokula chesisi kuanzia chini, mahali ambapo mnunuzi aliyevaa shati jeupe hainami kuangalia.

Mazda RX-8 ndiyo mfano ninaoutaja kila ninapoulizwa, kwa sababu ni gari zuri mno na limewaliza wengi. Lilianza kuuzwa mwaka 2003, likasimamishwa kutengenezwa mwaka 2012. Injini yake haina pistoni. Ina rota mbili zenye umbo la pembetatu zinazozunguka, teknolojia ambayo Mazda iliiingiza kwenye gari lake la Cosmo Sport tangu mwaka 1967. Ujazo wake ni lita 1.3 tu, hivyo mtu anasoma kadi na kujiambia hili litakula mafuta kama Vitz. Sivyo hata kidogo. Linakula petroli kama injini kubwa, na kwa jinsi lilivyoundwa linachoma pia oili kidogokidogo ili kulainisha sili zilizo kwenye ncha za rota. Dereva asiyejua hilo haongezi oili, sili zinalika, kompresheni inashuka. Dalili ya kwanza ni gari kuwaka vizuri asubuhi likiwa baridi, kisha kukataa kuwaka mchana likishapata moto. Muuzaji atakuletea gari asubuhi. Au atakwambia ni betri, ni plagi, ni stata. Na kipimo cha kawaida cha kompresheni ambacho fundi anacho gereji hakitoshi, kwa sababu kila rota ina nyuso tatu na kila uso unapaswa kupimwa peke yake kwa kifaa chake maalumu. Fundi mwaminifu atakwambia hana kifaa hicho. Asiye mwaminifu atafungua boneti, atasikiliza, atatikisa kichwa na kusema injini iko poa.

Spea zinakotoka

Mwenye IST akivunjikiwa na kitu asubuhi, saa sita anakipata Kariakoo, na kama hakipo cha kiwandani kipo cha mtumba, na kama hakipo cha mtumba kuna mtu Gerezani atakichonga. Uwepo huo wa spea ndio utajiri wa gari la kawaida, na hatuuoni kwa sababu tumeuzoea. Usione vyaelea, vimeundwa: Fairlady linalopita Barabara ya Bagamoyo Jumapili likiunguruma lina mtu nyuma yake anayejua duka gani Sharjah linauza gia boksi, wakala gani wa Japani anakata nusu ya mbele ya gari na kuipakia kwenye kontena, na fundi yupi hapa mjini anaweza kusoma michoro ya umeme ya gari hilo.

Mnunuzi wa gari lisilowaka hana mtandao huo. Anaanza kuutafuta siku ileile gari linaposhushwa kwenye brekidauni. Anaagiza injini ya mtumba kutoka Dubai, inafika baada ya wiki kadhaa, na yenyewe ilinunuliwa bila kuwashwa. Amekwisha kununua kitu kisichowaka mara mbili.

Kenya hali ni ngumu zaidi kwa magari haya, maana sheria yao hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane. RX-8 ya mwisho ilitengenezwa mwaka 2012, kwa hiyo mnunuzi wa kawaida wa Nairobi hawezi tena kuagiza jingine. Yaliyomo ndani ya nchi ndiyo hayohayo, na kila linalokufa linakuwa duka la spea kwa yaliyobaki. Kwetu Tanzania gari kuukuu linaingia, ila sheria inalitoza ushuru wa ziada likishapita miaka minane, na zaidi likivuka kumi. Wapo wanaodhani wataikwepa hesabu hiyo kwa kuagiza gari bovu la bei ya kutupa kutoka mnadani Japani. TRA ina mfumo wake wa kuthamini magari ya mtumba, na kodi hukadiriwa kwa thamani iliyomo humo. Kuzima kwa injini hakumpi mtu nafuu bandarini.

Nani anayelipa

Tuchukue hesabu ya mfano. Gari limenunuliwa kwa shilingi milioni 5. Brekidauni laki moja na nusu. Injini ya mtumba milioni 4. Ufundi laki nane. Funguo na kompyuta laki tano. Matairi manne laki nane, kwa sababu yaliyopo yamepasuka ubavuni. Betri laki mbili na nusu. Breki laki nne. Tumeshafika milioni 11 na laki tisa, na bado hatujagusa rangi, kiyoyozi, shokabu wala bima. Gari kama hilohilo, linalowaka, likiwa na mtu anayelitumia kila siku, pengine lilikuwa linauzwa milioni 9 na nusu mtaa wa pili. Mnunuzi alilipita akisema ni ghali.

Lakini hakuna anayezitoa milioni 11 na laki tisa kwa mkupuo. Angezitoa kwa mkupuo, angezihesabu. Zinatoka laki mbili leo, laki nne mwezi ujao, na kila laki ina mahali ilipokuwa imepangwa kwenda. Mali bila daftari hupotea bila habari, na gari bovu ndilo mali isiyowekewa daftari kuliko zote, kwa sababu mwenye nalo anaogopa kuona jumla.

Ada ya muhula wa pili inasogezwa. Mtoto anarudishwa nyumbani siku ya mtihani wa majaribio na kuambiwa aje na mzazi. Fungu la kikoba alilokuwa akiweka mama watoto linaombwa "kwa wiki mbili tu". Mkopo wa SACCOS uliochukuliwa kwa jina la kumalizia nyumba unaishia kwenye silinda hedi. Na anapokwama kabisa, mtu aliyekuwa na mshahara mzuri anajikuta kwenye mikopo ya kausha damu, akilipa riba ya kila wiki kwa ajili ya gari ambalo halijawahi kutoka getini. Hali ya kuhuzunisha zaidi niliyoiona ni ya wastaafu. Mtu amefanya kazi miaka zaidi ya 30, kiinua mgongo kimeingia benki, na katika wiki za mwanzo, kabla hata ya kukarabati paa, ananunua ndoto ya ujana wake ikiwa imekufa.

Halafu kuna lile jambo la viti. Fairlady Z ina viti viwili. Toyota MR-S ina viwili. SLK ina viwili. Nyumba ina watu saba. Ambulensi ya usiku mtoto akipandwa na homa ni bajaji ya jirani, wakati ndani ya geti kuna gari lenye injini ya lita 3.5. Siwezi kuliona hili kuwa suala la burudani ya mtu binafsi.

Na mara nyingi mke hujua gari linaposhushwa. "Baba watoto, hili linatembea?" "Litatembea, mama, fundi anakuja Jumamosi." Swali la yule mama lilistahili kuulizwa wiki tatu kabla, mezani, daftari likiwa wazi. Akilaumiwa kwamba hana maono au hapendi mume wake afurahi, anaonewa. Yeye ndiye anayejua unga umebaki kilo ngapi.

Kwa nini wengi hawaachi

Ipo methali inayowafunga watu hapa: maji ukiyavulia nguo, huna budi kuyaoga. Ni methali ya kweli kwa ndoa, kwa masomo, kwa ahadi uliyompa mtu. Kwa gari bovu inaua. Mtu ameshaweka milioni 7, hivyo anaona milioni mbili nyingine zitaziokoa zile saba. Zile saba hazirudi. Swali sahihi kila mwisho wa mwezi ni moja tu: kama ningekuwa na pesa hizi mkononi leo, na gari hili si langu, ningelinunua kwa hali yake hii? Jibu likiwa hapana, basi kuendelea ni kununua kitu ambacho usingekinunua.

Zamani hata serikali ilikuwa inatukumbusha. Ada ya leseni ya gari ya kila mwaka ilihesabiwa hata kwa gari lililolala, na deni likiongezeka mwenye gari alilazimika kuamua. Mwaka 2017 ada hiyo ilifutwa, ikabaki inalipwa mara moja gari linaposajiliwa, na mzigo ukahamia kwenye mafuta. Ilikuwa nafuu ya haki kwa wananchi, siipingi hata kidogo. Ila tangu hapo gari lililokufa halina tarehe. Hakuna barua, hakuna siku ya mwisho. Linakaa tu.

Fundi naye ana watoto

Tunapenda kuwalaumu mafundi, na wapo wanaostahili. Lakini tazama upande wa pili. Gari la michezo lisilowaka linaletwa gereji na kianzio cha laki moja. Fundi anafungua injini, anaandika orodha ya vifaa, mwenye gari anasema nipe wiki. Wiki inakuwa miezi minne. Gari limekalia nafasi ambayo Noah tatu zingetengenezwa na kulipiwa. Boliti zinatawanyika, vijana wa gereji wanabadilishana, aliyejua ni wapi kimewekwa kifuniko fulani ameshahamia Morogoro. Mwenye gari anaporudi na pesa, kifaa kimoja hakionekani na ugomvi unaanza. Fundi analipa pango la kiwanja kile kila mwezi. Anayempelekea gari bila fedha ya kulimaliza anamhamishia na yeye deni lake.

Anayeweza kulinunua

Wapo wanaoweza, na wanafanya kazi nzuri. Fundi kijana anayenunua Altezza iliyokufa ili ajifunze injini kwa mikono yake, akijua atakaa nayo miaka miwili, amejilipia shule. Mtu mwenye gari la pili la aina hiyohiyo linalotembea ananunua spea, na anajua hivyo. Mwenye kipato ambacho kikiondoka chote kesho hakuna mtoto atakayerudishwa nyumbani, huyo ni uamuzi wake na mwenzi wake.

Kwa wengine wote, sharti langu ni gumu na silipunguzi: kabla ya kutoa hata shilingi, fedha ya gari na fedha ya kulifufua zote ziwe zimekaa benki, na ugonjwa uwe umejulikana kwa kipimo, si kwa maneno. Fundi wako, asiye wa muuzaji, aizungushe injini kwa spana. Ikigoma kuzunguka, imejifunga, na mazungumzo ya sensa yaishe hapo. Afungue kifuniko cha oili atazame kama kuna utando mweupe kama maziwa, maana ni dalili kwamba huenda maji yameingia kwenye oili. Aje na betri yake yenye chaji aunganishe mashine ya kusoma hitilafu. Apime kompresheni. Ainue zulia chini ya viti anuse. Asome tarakimu nne ubavuni mwa tairi, ambazo ni wiki na mwaka wa kutengenezwa: 2318 ni wiki ya 23 ya mwaka 2018. Muuzaji anayesema gari lilisimama mwezi uliopita huku matairi yana umri wa darasa la kwanza hadi la saba, anaacha maelezo mengi nje. Namba ya chesisi ilingane na kadi, jina kwenye kadi liwe la anayepokea pesa, na madeni ya trafiki yaangaliwe kabla ya kuandikishiana. Akikataa mojawapo ya haya, ondoka. Hata kama umeshamlipa brekidauni amesimama nje anakusubiri.

Na wewe ambaye gari tayari liko uani juu ya mawe, hujachelewa. Gari la michezo lililokufa lina vitu vingi vilivyo hai: gia boksi, taa, viti, rimu, milango, vioo, difu. Kuna mtu Arusha au Mwanza anaitafuta taa hiyo ya kushoto kwa udi na uvumba, na hana pa kuipata isipokuwa kwako. Uza vipande, au liuze zima kwa aliye tayari, hata kama bei inauma. Mwite fundi Jumamosi hii aandike kipi kizima na kipi kimekufa, kaeni na mama watoto muipitie orodha hiyo pamoja, kisha tangazo litoke na maneno ya kweli: injini imekufa, majibu ya kompresheni haya hapa, kadi ipo kwa jina langu, mje na fundi wenu.